Dumu moja kwa watu sita

Kila mapigano yanapozuka mashariki mwa Kongo, ndugu zangu hunipigia simu kuuliza wamekufa wangapi. Mimi kazi yangu ni maji na vyoo kwenye kambi za wakimbizi, kwa hiyo huwa na swali jingine: waliokimbia wamefikia wapi, na wanateka maji gani?

Mwaka 1994 ndio uliotufundisha kuuliza hivyo. Katikati ya Julai, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walimiminika Goma, mji wa Kongo ulio mpakani na Rwanda, kwa siku chache tu. Wiki ya kwanza maji salama hayakufika hata robo lita kwa mtu kwa siku, wakawa wanachota Ziwa Kivu. Kikaja kipindupindu, kikafuata kuhara damu, na ndani ya mwezi mmoja wakafa watu karibu 50,000. Goma imekaa juu ya mwamba wa volkano, sururu inadunda. Vyoo havikuchimbika, wala makaburi. Maiti zililazwa kando ya barabara zimeviringishwa kwenye mikeka. Najua miongoni mwa wakimbizi wale walikuwamo waliotoka kuua wenzao katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Lakini watoto wachanga walikuwamo pia, na ugonjwa haukuchagua.

Bomu likiangusha nguzo ya umeme, pampu inasimama, na bomba la mtaa mzima linakauka. Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji huohuo, umeme na maji vilikatika, watu wakarudi ziwani na madumu yao.

Kiwango tunachokifuata ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu sita inahitaji lita 90, yaani madumu manne na nusu ya lita 20. Katika kambi ya Bulengo, nje kidogo ya Goma, nilimkuta mama mwenye watoto watano na dumu moja, bidoni kama wasemavyo kule. Hapo ni lita tatu na kidogo kwa kila mtu: za kunywa, kupika, kuosha mtoto na sufuria. Nilipoanza kumweleza habari za kunawa mikono kwa sabuni, alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Muganga, ninawe mikono ao nipikie watoto?"

Sikuwa na jibu, na tangu siku ile sijasimama mbele ya watu kuhubiri usafi kabla sijahesabu madumu yao.

Kipindupindu chenyewe kinatibika kwa maji yenye chumvi na sukari, akizidiwa anawekewa dripu. Kinachoua ni kuchelewa, na vita vikifunga njia ya kwenda kituo cha afya, saa chache tu zinatosha.

Kando ya ziwa tuliweka vijana wenye mabomba ya sindano, wakitia klorini katika kila dumu. Dawa inataka nusu saa kuua vijidudu kabla maji hayajanywewa. Mama yule aliketi juu ya dumu lake, juani, mwanawe mdogo akililia maji mgongoni, na mara tatu akaniuliza kama nusu saa imekwisha.