Sindano ya goti: ndani ya bomba mna nini?

Mtu akikwambia amechomwa "sindano ya goti" kwa ajili ya goti lililosagika, bado hujajua alichochomwa. Jina hilo hubeba dawa tatu zisizofanana. Zote huingizwa ndani ya kiungo chenyewe, pale unapokaa ute, na zote hulenga maumivu. Hakuna iliyothibitika kuotesha upya gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kiungoni, lililokwisha kulika.

Inayotolewa zaidi ni steroidi, dawa ya kupoza uvimbe, kwa kawaida miligramu 40 za triamsinoloni, mara nyingi pamoja na mililita chache za dawa ya ganzi. Ganzi hutuliza haraka, kisha huisha baada ya saa chache, na hapo ndipo wengi hudhani sindano imegoma. La hasha: steroidi hupoza uvimbe wa utando wa ndani wa goti, kazi inayoweza kuchukua siku kadhaa. Nafuu yake hudumu wiki chache, pengine miezi mitatu.

Kurudia-rudia kuna gharama. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, waliochomwa triamsinoloni kila wiki 12 kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi yasiyo na dawa, ya kulinganishia, na maumivu yao hayakupungua kuwazidi. Ndiyo maana hushauriwa ipite angalau miezi mitatu kati ya sindano na sindano. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi kwa wiki nzima, maana hupanda. Dawa ikivuja chini ya ngozi huweza kuacha baka jeupe, na kwenye ngozi nyeusi huonekana sana.

Ya pili ni asidi ya hayaluroniki, "sindano ya ute", ambayo huchomwa mara moja au kila wiki kwa wiki tatu hadi tano. Huuzwa kwa maneno kwamba ute wa goti umekauka. Ajabu ni kwamba goti lililosagika mara nyingi hujaa maji kupita kiasi! Ni ghali, na faida yake juu ya maji ya chumvi ni ndogo.

Ya tatu ni plazma (maji ya damu) yenye chembe sahani nyingi, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda: damu yako hutolewa, huzungushwa kwenye mashine, kisha sehemu yenye chembe hizo hurudishwa gotini. Kila kliniki huiandaa kivyake. Utafiti wa Australia wa mwaka 2021 haukuona tofauti ya maana na maji ya chumvi baada ya miezi 12.

Uchomaji wenyewe ni wa dakika chache. Mgonjwa hulala chali, ngozi husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, na sindano mara nyingi hupitia upande wa nje, juu ya pia ya goti. Maji yakiwepo hunyonywa kwanza. Ya manjano maangavu hayatishi. Yakiwa na ukungu au usaha, steroidi haiwekwi, maji hupelekwa maabara. Dawa inapaswa kuingia kwa wepesi. Ikigoma, huenda ncha imo kwenye mafuta au nyama, nayo husogezwa, hailazimishwi.

Goti likiuma zaidi siku moja au mbili za mwanzo, barafu na mapumziko hutosha. Likivimba, likawa la moto, ukapata homa na kushindwa kulikunja, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama umepangiwa kubadilishiwa goti, mwambie daktari wa upasuaji tarehe ya sindano ya mwisho: ikiwa haijatimia miezi mitatu, huenda akaahirisha kwa kuhofia maambukizi.