Kulima kwa msimu, kuuza karibu: hesabu ninayowapigia wakulima wa Tanga

Swali ninaloulizwa zaidi na wakulima wa bustani huku Tanga ni la nyanya za masika. Mvua zikikolea bei ya tenga inapanda, kila mtu anaiona, na kila mtu anatamani angekuwa na nyanya wakati huo. Nami huwauliza: imepanda kwa nini? Imepanda kwa sababu masika nyanya hazikubali. Unyevu unaleta bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani na mashina, dawa ya ukungu uliyopiga asubuhi inaoshwa na mvua jioni, na tunda linalogusa udongo linaoza. Bei ile ni ya aliyebahatika kuvuna. Wenzake waliong'oa mashina yaliyoungua hawaonekani sokoni, kwa hiyo hakuna anayewahesabu.

Mazao ya msimu hayana bei ya kutamanisha, na sitajifanya kwamba yanayo. Faida yake iko kwenye pesa ambazo hazikutoka mfukoni. Masika matembele hayahitaji pampu wala mafuta ya pampu. Kisamvu ndiyo kabisa, unaenda kuchuma tu. Kunde unaanza kula majani yake wiki chache baada ya kupanda, baadaye unavuna punje, na vinundu vya mizizi yake vinaiachia ardhi nitrojeni ambayo ungeinunua dukani kwa jina la yurea. Mkulima akiniandikia gharama zote, na siyo mauzo peke yake, mara nyingi matembele yanazipita nyanya kwa faida, tena kwa mbali.

Ukaribu wa soko una hesabu yake pia, na inaanzia ndani ya mmea. Mboga ikishachumwa inaendelea kupumua: inachoma sukari yake, inatoa joto, inapoteza maji. Kila joto likiongezeka nyuzi 10 za Selsiasi, kasi hiyo inaongezeka kati ya mara mbili na mara tatu. Sasa fikiria mchicha uliokaa kwenye kiroba juu ya basi kuanzia saa nne asubuhi. Ukifika umenyauka, vitamini C imepungua, na mwenye genge anakata bei kabla hujashusha mzigo. Mchicha huohuo ukichumwa alfajiri, ukafunikwa kwa gunia lililoloweshwa na ukafika gengeni kabla ya saa mbili, hauna cha kujadiliwa. Hauhitaji jokofu, unahitaji kuamka.

Tena siyo kila kitu kinadai ukaribu. Kitunguu cha Mang'ola au cha Ruaha Mbuyuni kikikaushwa vizuri kinasafiri nchi nzima na hakidhuriki, kwa hiyo mkulima wa pwani anayetaka kushindana nacho namwambia aachane nacho. Kabichi na karoti tuwaachie ndugu zetu wa Lushoto, ambao nao ni wa mkoa huuhuu. Nguvu zetu tuziweke kwenye majani, bamia, bilinganya, ngogwe (nyanya chungu), na matunda.

Kwenye matunda ndipo watu wanapopotezana. Embe ni tunda linaloiva baada ya kuchumwa, almradi lilikuwa limekomaa. Nyanya ni hivyohivyo, ndiyo maana ya safari ndefu huchumwa ikianza kubadilika rangi na kumalizia kuiva njiani, ila ladha haifikii ya ile iliyoivia kwenye shina. Chungwa halina tabia hiyo. Ukilichuma likiwa chachu litabaki chachu hadi lioze. Na huku kwetu huwezi kulipima kwa rangi: ganda hugeuka njano kukiwa na baridi ya usiku, nasi hatuna, kwa hiyo chungwa la Muheza linaweza kuwa kijani kabisa na limejaa sukari. Mwenyeji analijua hilo. Analipima kwa uzito mkononi, kwa ganda lililolainika, kwa kulikata moja na kulionja.

Malori ya Nairobi na Dar es Salaam yanayoingia Muheza yana ratiba yake, na ratiba hiyo haisubiri utamu. Mnunuzi anakagua mti kwa macho, anataja bei ya mti mzima, wakati mwingine matunda yakiwa bado madogo, na mkulima mwenye ada ya shule mlangoni anakubali. Kuanzia hapo hatari zote za mvua na wadudu mnunuzi amezifidia ndani ya ile bei ndogo. Simlaumu, biashara ni biashara. Nachosema ni kwamba mkulima asimwachie miti yote. Sehemu ya shamba ibaki kwa ajili ya Tanga mjini, mwendo wa kilomita 35 hivi, ambako anauza kwa hesabu au kwa kilo. Hata lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ambayo Sheria ya Vipimo imeikataza na bado tunaiona barabarani, haina pa kuingilia ukiuza kwa mizani.

Nikifika hapa mtu hunikatiza: msimu ukifika si sote tunavuna siku moja? Ndiyo, na hilo ndilo tatizo kubwa la kulima kwa msimu. Kwa mboga dawa yake ni kupishanisha: badala ya kusia matuta yote ya mchicha kwa pamoja, unasia machache kila wiki, na kwa kuwa mchicha uko tayari katika wiki tatu hadi nne, unakuwa na cha kuuza kila wiki. Kwa machungwa, ghala ni mti wenyewe. Tunda lililoiva linaweza kukaa mtini wiki kadhaa likisubiri malori yaishe. Usizidishe lakini, mti uliobebeshwa muda mrefu hulipiza kwa kuzaa kidogo msimu unaofuata. Kinachobaki hukaushwa. Wasukuma wana michembe na matobolwa yao ya viazi vitamu kwa sababu hiyohiyo, sisi bamia na majani ya kunde tunayaacha yaoze kama vile hatuna jua.

Kuhusu wateja, mimi napenda kuanza na mama lishe na wenye magenge. Hoteli inanunua mzigo mkubwa, ila itataka risiti, itataka ukubwa ule ule kila siku hata wakati zao halina msimu, halafu malipo utayangoja mwisho wa mwezi au zaidi. Mama lishe anachukua kidogo, analipa papo hapo, na kesho akikosa bamia atakuuliza una nini shambani, apike hicho.

Anayepanda machungwa mwaka huu aagize miche iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa kwenye shina la mche mwingine, ya aina mbili au tatu, na Valensia iwemo, kwa kuwa huchelewa kuiva kuliko nyingi. Mashimo yachimbwe mapema, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza na kurudishwa, miche iingie mvua zikishakolea. Katikati ya mistari, miaka ya mwanzo kabla kivuli hakijafunga, kunde zinakaa vizuri.