Gaanarachayithavu: mshairi wa nyimbo za filamu za Kimalayalam

Kimalayalam ni lugha ya Kerala, jimbo la pwani ya kusini-magharibi mwa India. Huko filamu isiyokuwa na nyimbo ilikuwa adimu kwa miongo mingi, na jina la aliyeandika maneno ya nyimbo hizo huandikwa kwenye filamu peke yake, mbali na la mtia lahani na la mwimbaji. Mtu huyo huitwa gaanarachayithavu: gaanam ni wimbo, rachayithavu ni mtunzi. Kwa Kiswahili neno "mtunzi" huwabeba wote wawili, wa maneno na wa sauti, ndiyo maana wasomaji wetu huchanganya. Anayeijua taarab ataelewa upesi, kwani huko pia shairi huweza kutoka kwa mtu mmoja na lahani kwa mwingine.

Filamu ya kwanza ya Kimalayalam yenye sauti ilitoka mwaka 1938. Kwa miaka kadhaa baada yake nyimbo zilipachikwa maneno juu ya lahani za filamu za Kihindi na Kitamil. Mgeuko ulikuja na Neelakkuyil ya mwaka 1954. Maneno yake aliyaandika P. Bhaskaran, mshairi ambaye pia alishiriki kuiongoza filamu hiyo, na lahani alitia K. Raghavan kwa kuchota kwenye nyimbo za wenyeji, zikiwemo za Mappila, Waislamu wa Kerala. Tangu hapo washairi wa vitabu wakaingia studio. Mfano unaoeleweka kuliko wote ni Vayalar Ramavarma.

Alizaliwa tarehe 25 Machi 1928 katika kijiji cha Vayalar, Alappuzha, na jina alilojulikana nalo ni la kijiji hicho. Ukoo wake ulikuwa wa tabaka la juu, lakini kalamu yake ilikwenda upande wa wafanyakazi. Oktoba 1946, akiwa na miaka 18, askari wa ufalme wa Travancore waliwapiga risasi wafanyakazi walioasi kijijini hapo. Diwani yake ya kwanza, Padamudrakal, ilitoka mwaka 1948, na Sargasangeetham ya mwaka 1961 ilimpatia tuzo ya Kerala Sahitya Akademi, taasisi ya fasihi ya jimbo hilo. Filamu alianza mwaka 1956 na Koodappirappu. Mwaka uliofuata aliandika Balikudeerangale, wimbo wa kuwaenzi mashahidi, kwa ajili ya mnara wao jijini Thiruvananthapuram. Lahani ilikuwa ya G. Devarajan, na ushirika wa hao wawili ulizaa mamia ya nyimbo. Alifariki tarehe 27 Oktoba 1975, akiwa na miaka 47, ameandika nyimbo zaidi ya 1,000 katika filamu zaidi ya 200.

Sasa kazi yenyewe. Wimbo wa filamu una sehemu tatu. Pallavi hufungua na ndiyo inayorudiwa, sawa na kiitikio chetu. Anupallavi ni ubeti unaofuata, na charanam ni ubeti wa mwisho. Baina yao hupita vyombo vitupu. Wimbo mzima ni dakika tatu au nne, kwa hiyo mshairi ana mistari kumi na kitu tu. Pallavi isiposhika sikio, beti nzuri za mbele hazitamwokoa.

Kisha mizani. Kwetu kila silabi ni mizani moja. Katika Kimalayalam silabi ina uzito: fupi ni laghu, ndefu ni guru, na guru huhesabiwa mara mbili ya laghu. Bahari ya keka, inayofahamika sana tangu tenzi za Ezhuthachan, mshairi wa kale wa Kimalayalam, ina silabi 14 kila mstari, zikigawanywa 3, 2, 2, kisha tena 3, 2, 2, na pumziko katikati. Kila fungu lazima liwe na guru angalau moja. Vina navyo vimekaa mahali ambapo sisi hatuvitazamii, kwani kina kinachothaminiwa zaidi huangukia silabi ya pili tangu mwanzo wa mstari. Ingekuwa Kiswahili, mstari mmoja ungeanza "Bahari imetulia" na wa pili "Sahani haina kitu", na sikio lingeridhika na ile "ha" kabla mistari haijafika mwisho.

Devarajan kwa kawaida alipokea maneno kwanza, akayasoma, ndipo akatafuta lahani. Kwa mshairi hiyo ni raha, kwa sababu uzito wa silabi ndio unaoongoza muziki. Salil Chowdhury, Mbengali aliyetia lahani nyimbo za Chemmeen, filamu ya wavuvi ya mwaka 1965, alikuja na sauti tayari. Hapo mshairi hupewa lahani isiyo na maana yoyote, "la la la" tu, akatafuta maneno ya kulingana na kila noti. Kosa linaloharibu wimbo kwa njia hii ni urefu wa irabu. Kalam ni chungu cha kupikia, kaalam ni wakati. Noti ndefu ikiangukia silabi fupi, msikilizaji husikia neno jingine, au husikia neno lake limevutwa kama mpira. Mshairi hana ruhusa ya kumlaumu mwimbaji; anatakiwa atafute neno jingine lenye irabu ndefu mahali hapo, lenye maana ileile, linalofaa kinywani mwa mvuvi wa kwenye filamu. Katika Chemmeen Vayalar aliyatimiza yote hayo, na ukisikiliza huwezi kujua kwamba maneno yalifuata nyuma.

Njia hii ya lahani kwanza ndiyo iliyokuja kutawala, na kwa maoni yangu imewapunguzia washairi nafasi, ingawa wenye kipaji walimudu. O. N. V. Kurup, mzaliwa wa mwaka 1931, aliandikia filamu na bado akapata Jnanpith, tuzo kubwa ya fasihi ya India. Kwa muda, akiwa mwalimu wa chuo cha serikali, nyimbo za filamu alizitia jina la Balamurali.

Wimbo unaoonyesha vizuri ufundi wa Vayalar ni ule wa filamu Achanum Bappayum, uliompa tuzo ya taifa ya maneno bora kwa mwaka 1972. Pallavi yake inasema mwanadamu aliumba dini, dini zikaumba miungu. Tazama ilivyofumwa: kilichoumbwa katika mstari wa kwanza kinakuwa muumbaji katika wa pili, sawa na washairi wetu wa pindu wanavyochukua tamko la nyuma kuanzia la mbele. Halafu wote watatu, mwanadamu, dini na miungu, wanakaa pamoja kugawana. Wanagawana mannu, yaani udongo, nchi. Kisha kitenzi kilekile kinarudi na neno linalofanana nalo kwa sauti: wanagawana manassu, moyo.