Ganda lenye njano tupu

Pasua ganda lenye mbegu nne za njegere kwenye mmea chotara wa njano na kijani. Rangi unayoiona ni ya mtoto, si ya mama, kwa hiyo huna haja ya kuzipanda ndipo uhesabu. Aliyekariri uwiano wa 3:1 atatarajia njano tatu na kijani moja. Ganda la namna hiyo hutokea mara 27 tu katika kila 64, chini ya nusu. Ganda lenye njano tupu nalo si kioja: ni karibu moja katika kila matatu.

Uwiano si mgawo. Chotara ana jeni mbili za rangi: Y ya njano, iliyo tawala, na y ya kijani, iliyo fiche. Mmea hujichavusha wenyewe: kila chembe ya chavua hubeba jeni moja tu ya rangi, na kila yai vivyo hivyo. Kijani hujitokeza pale y inapokutana na y: nusu mara nusu, robo. Mbegu haijui jirani yake kapata nini.

Katika taarifa yake ya 1866, Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, alitaja mmea mmoja uliotoa mbegu 32 za njano na 1 ya kijani, na mwingine 20 kwa 19. Angeishia kwenye huo wa pili, angeandika 1:1! Alipojumlisha mimea 258 alipata njano 6,022 na kijani 2,001.

Kugawanya namba hizo ni kazi ya dakika moja. Utamu umo ndani ya zile njano: theluthi moja ni YY, theluthi mbili ni Yy, na kwa macho hazitofautiki. Mendel alikuza mimea 519 kutokana nazo. 166 ikazaa njano tupu, 353 ikazaa mchanganyiko. Njia nyingine ya kuzitofautisha ni kuuchavusha mmea uliotokana nazo kwa chavua ya mmea wa mbegu za kijani. Ikitoka kijani hata moja, huyo ni Yy. Zikitoka njano tano mfululizo, usikimbilie kuandika YY, maana Yy hufanya hivyo mara moja katika 32. Ongeza mbegu.

Sifa zikiwa mbili, zidisha: njano 3/4 mara mviringo 3/4 ni 9/16. Katika mbegu 556 hiyo ni kama 313. Mendel alihesabu 315. Ila kuzidisha kunafaa jeni zikirithiwa kila moja kivyake. Zikikaa karibu kwenye kromosomu moja, yaani uzi unaobeba jeni ndani ya seli, husafiri pamoja, na uwiano wa 9:3:3:1 wa aina nne za mbegu (njano au kijani, mviringo au zenye mikunjo) hutaupata hata uhesabu mbegu elfu kumi.