Mseto bila kipimo: maswali ninayoulizwa zahanati

Karibu kila wiki analetwa mtoto aliyechemka siku tatu, na mama ameshika paketi ya mseto, dawa ya malaria, iliyokatwa. "Nimempa dawa, haijamsaidia." Alipimwa? Hakupimwa.

Malaria ni nini hasa?
Ni ugonjwa wa vimelea vinavyoingizwa mwilini na mbu jike aina ya anofelesi. Homa ni dalili tu. Nimonia huleta homa, na maambukizi ya mkojo pia. Kwa kumgusa paji la uso huwezi kujua ni ipi, hata mimi siwezi.

Mbona mseto umekuwa rahisi kuupata, kama si wa kununua tu?
Zamani mseto ulikuwa ghali, watu wakanunua klorokwini na SP, dawa za zamani za malaria ambazo vimelea vilishazizoea. Ndipo mwaka 2010 Mfuko wa Dunia, ule wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ukaanzisha ruzuku katika nchi kadhaa, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, na paketi zenye alama ya jani la kijani zikafika madukani kwa bei nafuu. Nia ilikuwa njema. Lakini kilichoshushwa bei ni dawa, si kipimo, na watu hufuata penye unafuu. Watafiti Cohen, Dupas na Schaner walijaribu ruzuku kubwa ya namna hiyo magharibi mwa Kenya: dawa ziliwafikia wengi zaidi, ila karibu nusu zilikwenda kwa watu wasio na malaria. Ndiyo maana wakapendekeza kipimo nacho kipewe ruzuku.

Muuza duka ameniambia ni malaria. Nisimwamini?
Amekupima? Basi usimwamini. Yeye hupata riziki akiuza, hapati kitu akikuambia nenda kapime. Simlaumu sana, lakini mtoto ni wako.

Zahanati kuna foleni, na mimi nina biashara.
Najua. Siku nzima gengeni ikipotea, jioni chakula hakuna. Kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidole na dakika kama 20. Siku tatu za kubahatisha ndizo zinazokula biashara, kisha unaletwa kwa bodaboda usiku.

Nisubiri siku ngapi nione kama dawa ya duka inafanya kazi?
Usisubiri. Mtoto wa chini ya miaka mitano akipata homa, apimwe ndani ya saa 24. Si kesho kutwa, si baada ya gulio. Ndani ya saa 24.

Homa ikishuka siku ya pili, vidonge vilivyobaki niwawekee wengine?
Hapana. Dozi humezwa mara sita kwa siku tatu. Mtu mzima humeza vinne kila mara, jumla 24, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Dozi haigawanywi kwa jirani wala kwa mdogo wake.

Kipimo kimesema sina malaria. Ninunue mseto kwa usalama?
Hapana, hapana. Rudi tutafute kinachokuchoma. Na hapa na sisi wahudumu tuna kosa letu: mgonjwa akiondoka na vidonge hushukuru, akiondoka bila hulalamika, basi baadhi yetu tumekuwa tukiwapa mseto hata waliopimwa wakaonekana hawana. Wewe ukidai dawa usiyoihitaji, na mimi nikikubali ili uniondokee, tumeuacha ugonjwa halisi uendelee.

Mtoto amepata homa usiku huu, nifanye nini?
Mpunguzie nguo, mnyonyeshe au mpe maji, mpe panado kwa kadiri ya uzito wake, na alfajiri mlete apimwe. Lakini akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au akilegea hataki kuamka, usingoje alfajiri wala usipitie kwa mganga. Huyo anahitaji sindano ya artesunate, dawa ya malaria kali, au tiba nyingine ya haraka, na vidonge vya dukani havitamwokoa. Amsha jirani mwenye pikipiki.