Kazi isiyo na mbalamwezi: jinsi uchovu wa kazi unavyojengeka na unavyopunguzwa

Usiku wa giza, ukisimama mwalo wa Kibirizi, Kigoma, utaona taa za wavuvi zimetapakaa Ziwa Tanganyika kama mji mwingine. Mwezi ukikaribia kukomaa, taa zile hazina kazi tena. Dagaa hawafuati taa kukiwa na mbalamwezi, basi mitumbwi inavutwa ufukweni, watu wanashona nyavu na wanalala. Kazi ya mvuvi ni ngumu, ila ina mahali pa kukatikia. Nesi wa zamu, mwalimu mwenye madaftari ya darasa zima, wakala wa pesa za simu na mama anayeanika dagaa, kazi zao hazikatiki popote. Nikimsikiliza mtu anayelalamikia msongo wa mawazo, swali langu la kwanza ni hili: mara ya mwisho kazi yako ilikatika lini?

Msongo wenyewe si adui. Simu ya mdai wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ikiita saa mbili asubuhi, tezi mbili zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, kisha homoni ya kortisoli inafuata na kuongeza sukari kwenye damu ili upate nguvu ya kuhangaika. Mwili umeumbwa kupandisha na kushusha. Ubovu unaanza pale kishindo cha pili kinapofika cha kwanza hakijashuka, cha tatu kikapandia hapohapo, miezi inapita. Hapo ndipo watu wanashtuka saa tisa usiku, macho makavu, kichwa kinapiga hesabu za kesho. Shingo inakaza, tumbo linavurugika, hasira inakuwa karibu.

Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger alieleza hali hii, yaani uchovu wa kazi (burnout kwa Kiingereza), mwaka 1974, akiwatazama wahudumu wa kujitolea kwenye kliniki moja ya New York. Kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, Shirika la Afya Duniani (WHO) haliuiti uchovu huu ugonjwa. Linauita hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haujadhibitiwa, na linataja mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na utendaji kushuka. La pili ndilo watu hawalitambui. Nesi aliyekuwa mpole anaanza kuwaita wagonjwa kwa namba za vitanda. Wenzake wanasema amekuwa na roho mbaya, kumbe ameishiwa.

Kabla ya kujipa jina hilo, nenda kapime. Mikoa yetu ya Kigoma na Tabora ina malaria nyingi, na upungufu wa damu unamchosha mtu vilevile. Omba kipimo cha malaria, wingi wa damu na sukari. Daktari akiona dalili ataongeza cha tezi ya shingo. Kisha tofautisha na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Aliyechoshwa na kazi akikaa uwanjani Jumapili kuwatazama timu ya Mashujaa bado anafurahi goli likiingia. Kinachomzima ni Jumatatu. Sonona inamfuata mtu harusini, kanisani, msikitini na kitandani, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Zote mbili zinaweza kukaa kwa mtu mmoja. Na mtu akianza kusema heri afe, hilo halisubiri ushauri wa mtandaoni: asiachwe peke yake, dawa za shamba na za panya ziondolewe nyumbani, afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Sasa kazi ya daftari. Kwa siku 7 andika saa uliyolala, saa uliyoamka, saa uliyoanza na kumaliza kazi, na nguvu zako kwa alama 0 hadi 10 mara tatu: asubuhi, mchana, jioni. Usiandike hisia ndefu, utaacha siku ya tatu. Ninachotafuta humo ni mteremko. Uchovu wa kawaida unapanda tena baada ya usiku mbili za kulala vizuri. Ukiona umelala kwa muda wa saa 7 au 8 kila usiku, usiku tatu mfululizo, na asubuhi bado unajipa 3, usingizi peke yake hautakutosha. Mzigo ndio wa kuguswa. Hicho ni kipimo changu cha mezani, lakini kinaonyesha mahali pa kuanzia.

Usingizi wa wanaofanya kazi usiku unahitaji maelezo zaidi, maana hapo ndipo wengi wanakosea. Ukitoka zamu saa moja asubuhi, jua linauambia ubongo kumekucha. Vaa kofia, pita njia fupi, usianze kufua. Kula kidogo, lala mapema uwezavyo. Dirisha lenye pazia la kitenge kimoja linapitisha mwanga. Tundika blanketi juu yake, au kunja kitenge mara tatu. Wanaochochea moto wa mabani, vibanda vya kukaushia tumbaku kule Tabora, moto unaotaka jicho usiku na mchana kwa siku kadhaa, wapangiane zamu ili kila mmoja apate angalau saa 4 za kulala bila kuamshwa, saa zilezile kila siku. Vipande vya nusu saa vilivyotawanyika havilingani na hizo nne hata jumla ikiwa sawa. Ukijilaza katikati ya kazi, chagua dakika 20 au dakika 90. Dakika 45 zinakuamsha katikati ya usingizi mzito, na utaamka umelewa.

Kahawa, hata hii nzuri ya Kasulu na Buhigwe, nusu ya kafeini yake inabaki mwilini baada ya saa 5 hivi. Kikombe cha saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu bado imo. Pombe inakulaza haraka, kisha inakukatia usingizi nusu ya pili ya usiku. Pumzi nazo zinasaidia: vuta kwa kuhesabu 4, toa kwa kuhesabu 6, dakika 5. Kutoa ndiko kunakopunguza mbio za moyo. Vidole vikianza kufa ganzi na kichwa kuzunguka, unavuta kwa nguvu mno. Punguza ukubwa wa pumzi, usiongeze.

Lakini sipendi kumfundisha mtu kupumua halafu nimrudishe kwenye mzigo uleule. Mzigo unapunguzwa kwa hesabu. Kumwambia mkuu wako "nimechoka" kunamfanya akupe pole tu. Jaribu hivi: "Mkuu, ripoti ya mwezi na kuhesabu stoo vyote vinatakiwa Ijumaa. Vinahitaji saa 20, nimebakiwa na saa 12. Kipi kitangulie?" Hapo anatakiwa kuchagua, na uchaguzi ni wake. Grupu la WhatsApp la kazini liwe na saa ya kunyamaza, na awepo mmoja wa kupigiwa simu kwa dharura, kwa zamu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko upande wako kuliko wengi wanavyodhani: saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, saa 12 mfululizo za mapumziko kwa siku, saa 24 kwa wiki, likizo ya mwaka siku 28. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari.

Aliyejiajiri hana mkuu wa kumwambia. Mama wa dagaa yuko mwaloni alfajiri, mchana anageuza dagaa na kuangalia mawingu, jioni yuko kikoba. Kwake mimi nashauri ushirika wa watu watatu wa kugeuziana, kila mmoja apate mchana mmoja mtupu kwa wiki, na mchana huo usijazwe mradi mwingine. Huwa unajazwa wiki ya pili, mara nyingi na msiba au na mkopo mpya. Ukijazwa kwa msiba, dai mwingine wiki hiyohiyo. Ukijazwa kwa mkopo, rudi kwenye daftari uone alama za asubuhi zinavyoshuka kabla hujaweka sahihi.