"Daktari, mimi nimeshafika Uhuru": dhana potofu za wanaokwenda Dolpo

Wanaokuja kliniki kuomba ushauri wa safari za Himalaya huingia na sentensi moja, utadhani wamekaririshwa na mtu mmoja: "Daktari, mimi urefu haunisumbui, nimeshafika Uhuru." Wapo wanaokuja na cheti kabisa, kile wanachopewa geti la Mweka wakishuka kutoka Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, wanakiweka mezani kabla sijauliza chochote. Nawapongeza, na natoa pongezi hizo kwa dhati. Halafu nauliza wanakwenda wapi, wananijibu Dolpo ya Juu, na hapo ndipo miadi ya dakika ishirini inapogeuka saa nzima.

Dolpo iko kaskazini-magharibi mwa Nepal, nyuma ya milima ya Dhaulagiri, ikipakana na Tibet. Unaruka kutoka Kathmandu hadi Nepalgunj, mji wa tambarare ulio kwenye mita 150 tu, kisha ndege ndogo inakushusha Juphal, karibu mita 2,500. Kuanzia hapo ni miguu: ziwa Phoksundo kwenye mita 3,600, monasteri ya Shey, kijiji cha Saldang, bonde la Tarap. Huingii bila kibali maalumu kinachoombwa kupitia wakala aliyesajiliwa, na mzunguko mzima hula wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi.

Sasa turudi kwenye Uhuru. Mita 5,895 ni nyingi, na katika njia za kawaida za Dolpo hakuna sehemu inayofikia hapo. Ndiyo maana watu wanadanganyika: wanalinganisha namba ya juu kabisa ya safari hii na namba ya juu kabisa ya ile, wanaona Dolpo ni ndogo, wanapumua. Lakini mwili hauhesabu kilele. Unahesabu umelala wapi, umefikaje hapo, na umekaa kwa muda gani.

Hebu kumbuka Kilimanjaro ulivyoupanda. Njia ya Machame inakupandisha hadi Lava Tower, mita 4,600, kisha inakushusha kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Kambi ya juu kabisa ambayo wengi hulala ni Barafu au Kibo, karibu mita 4,700, na hata hapo hamlali: mnaingia mahemani jioni, mnaamshwa kabla ya saa sita usiku, mnapanda, mnapiga picha kwenye ubao, na jioni hiyohiyo mko Mweka au Horombo, zaidi ya mita 2,000 chini ya kilele. Kichwa kilichokuwa kinapasuka Stella Point kimepona kabla ya chakula cha usiku. Unarudi nyumbani ukisema urefu haukukusumbua. Ulikusumbua. Kilichotokea ni kwamba ulishuka haraka kabla haujakumaliza.

Jambo hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ugonjwa unaoua zaidi kule juu, ule wa mapafu kujaa maji, una ratiba yake. Kwa kawaida huanza usiku wa pili hadi wa nne baada ya kufika kwenye urefu mpya. Mpandaji wa Kilimanjaro mara nyingi huwa ameshafika Moshi anaoga maji ya moto wakati ambao mapafu yake yangeanza kulalamika. Wapo wanaougua hata huko, waokoaji wa mlimani wanalijua hilo vizuri, lakini ratiba fupi ya juu imewasitiri wengi. Dolpo haina sitara hiyo. Ukishapita Phoksundo unalala juu ya mita 3,600 usiku baada ya usiku, mara nyingi juu ya 4,000, na katikati yake kuna mapito kadhaa, yaani sehemu za kuvukia safu ya milima, yanayozidi mita 5,000, ambako kila pumzi inaingiza oksijeni inayokaribia nusu tu ya ile unayoivuta ukiwa Dar es Salaam.

Halafu kuna umbo la nchi yenyewe, na hapa ndipo ninapoomba watu wafungue ramani badala ya kunionyesha picha za simu. Kilimanjaro ni mlima mmoja uliosimama peke yake. Ukiumwa, uelekeo wa chini ni mmoja na kila hatua inakupa hewa nzito zaidi. Kutoka Phoksundo kwenda Shey unavuka kipito cha Kang La, zaidi ya mita 5,300, halafu unateremka hadi monasteri iliyo kama mita 4,300. Usiku huo ukianza kukohoa povu, njia ya kurudi ziwani inapanda kwanza Kang La ileile. Njia ya mbele, kwenda Saldang, nayo inapanda kipito kingine cha zaidi ya mita 5,000. Umekaa ndani ya bakuli, na kila ukingo wake uko juu kuliko ulipolala. Dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka, na ndiyo hiyo ambayo Shey hawana ya kukupa upesi.

Je, Kilimanjaro hakisaidii kabisa? Kinasaidia katika jambo moja: historia yako ya mwinuko ndiyo kielelezo bora nilicho nacho. Mtu aliyewahi kujaa maji mapafuni ana hatari kubwa ya kurudia, na huyo nampangia safari kwa namna nyingine kabisa, au namshauri asiende. Lakini "sikuugua" ya siku sita, ya mwaka juzi, haiwezi kugeuzwa kinga. Chembe za damu na upumuaji ulioubadilisha kule juu hurudi kama zamani ndani ya wiki chache. Aliyezaliwa Nyahururu, mji wa nyanda za juu za Kenya, na bado anaishi huko ana nafuu kidogo siku za mwanzo. Aliyezaliwa huko na kuhamia Mombasa hana.

Na tafadhali, habari za marathoni zibaki mlangoni. Mazoezi yanakupa miguu, hayakupi kinga. Wakimbiaji ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu wana nguvu ya kufika haraka mahali ambapo mwili wao haujaruhusu, na wamezoea kuona maumivu kama jambo la kushindana nalo. Baba wa miaka sitini anayetembea polepole na kusema ukweli kuhusu kichwa chake ananipa usingizi mzuri zaidi.

Kinachokulinda ni ratiba. Ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale palepale mara mbili. Chukua ratiba uliyotumiwa na wakala, andika kando ya kila siku urefu wa kambi, siyo wa kipito, kisha hesabu tofauti kati ya usiku mmoja na unaofuata. Kuna kampuni zinazokutoa Juphal hadi Ringmo kando ya ziwa kwa siku mbili na kuendelea na safari kesho yake. Mimi nang'ang'ania angalau usiku wa ziada Ringmo, na wateja wananiona mkorofi. Siku hiyo haipotei: panda kilimani juu ya ziwa, tazama maji yale ya buluu isiyoaminika, shuka ulale. Pia muulize wakala kama msafara unabeba mfuko wa shinikizo, ule ambao mgonjwa anafungiwa ndani na kupuliziwa hewa kwa pampu ya mguu. Ukiwa ndani yake mwili unahisi kama umeshuka mita 1,500 au hata 2,000. Hautibu, unakununulia saa chache. Kwenye lile bakuli la Shey, saa chache ndizo unazohitaji. Wakala akikujibu kwamba "hatujawahi kuuhitaji," tafuta mwingine.

Nikishamaliza hayo, maswali mengine huja kwa mfululizo, na majibu yake ni mafupi.

"Diamox inaficha dalili." Haifichi. Dawa hii ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko inazifanya figo zitoe bikabonati, damu inaelekea kwenye asidi kidogo, nawe unapumua zaidi, hasa usingizini. Kwa maneno mengine inaharakisha kuzoea. Miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, zinawatosha watu wazima wengi. Vidole vitawasha, soda itakuwa na ladha mbaya, utakojoa sana. Ukiwa na mzio mkali wa dawa za salfa niambie kabla, usiniambie ukiwa Kathmandu. Inayoficha ni deksamethasoni: inakupa nafuu bila kukuzoesha, ukiiacha ukiwa bado juu dalili zinarudi. Hiyo ni ya dharura ya ubongo kuvimba huku mkishuka, na watu wanaoimeza ili wasikose kipito wananikera kuliko hata wenye vyeti.

"Kunywa lita sita za maji na supu ya kitunguu saumu." Supu hiyo utaikuta kila jiko la Nepal, ni tamu na inapasha moto, inywe. Haizuii kitu. Maji kunywa ya kutosha mkojo uwe na rangi hafifu. Kujilazimisha zaidi ya hapo hushusha chumvi mwilini, na mtu mwenye chumvi pungufu anaumwa kichwa na kutapika sawasawa na mwenye ugonjwa wa mwinuko. Sasa tutajuaje una lipi?

"Ngozi yetu haiungui." Huungua, inachelewa tu kuonyesha. Mionzi mikali ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na theluji mpya huirudisha juu karibu yote. Zaidi ya ngozi, macho hayana melanini ya kukukinga na upofu wa theluji: unavuka kipito mchana huku umevua miwani, jioni macho yanahisi kama yamemwagiwa mchanga. Miwani meusi yenye vizuizi pembeni, mafuta ya kukinga jua usoni, na midomo usiisahau.

Lifuatalo halimo katika vitabu vingi vya safari, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu. "Mimi ni AS, siyo mgonjwa." Kweli, siyo mgonjwa, na kwenye maisha ya kawaida unaweza usijue kamwe kwamba umerithi kinasaba kimoja cha selimundu. Lakini oksijeni ikipungua sana, hasa ukiwa na baridi na upungufu wa maji, chembe zako zinaweza kupinda na kuziba mishipa ya bandama, na sehemu ya bandama ikafa. Wenye AS wengi wamepanda milima mirefu bila tatizo. Lakini visa vya bandama kufa vimeandikwa vya kutosha, na dalili yake, maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, huchukuliwa kuwa gesi au vidonda vya tumbo. Kiongozi wa Nepal atakupa dawa ya tumbo, na yeye hana kosa. Kwa hiyo kila mtu mwenye asili ya pwani au Kanda ya Ziwa, ambako kinasaba hiki ni cha kawaida, namtuma maabara kupima kabla ya kulipia kibali. Ukiwa AS, ujue maumivu hayo yana maana gani, mwambie kiongozi siku ya kwanza, na yakianza ni oksijeni na kushuka. Mwenye SS, aliyerithi kinasaba hicho kwa wazazi wote wawili, asiende. Hapo sijadiliani.

"Kukitokea lolote, helikopta itakuja." Itakuja mchana, mawingu yakiruhusu, upepo wa mabonde ya Dolpo ukiwa umetulia, simu ya setilaiti ikiwa na chaji, na bima ikiwa imekubali kulipa. Zahanati za mwinuko za Himalayan Rescue Association, zinazojulikana na kila mtembezi, ziko Pheriche, njia ya Everest, na Manang, njia ya Annapurna; Dolpo hakuna. Soma bima yako mstari kwa mstari: nyingi zina kikomo cha urefu, nawe unataka iliyoandika mita 6,000 na uokoaji wa anga. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza udanganyifu wa safari za uokoaji zisizo na sababu, na kampuni za bima tangu hapo zinauliza maswali mengi kabla ya kuruhusu ndege. Namba yao ya dharura awe nayo kiongozi, siyo wewe unayeumwa.

La mwisho, nalisikia hata kwa watu wema: "Wale wa msafara wamezaliwa huko, hawaugui." Watu wa Dolpo wenyewe, kama Watibeti wengine, wamerithi aina ya pekee ya kinasaba cha EPAS1 inayozuia damu kuwa nzito kwenye urefu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliifuatilia hadi kwa binadamu wa kale, Wadenisova. Lakini mpishi wako, msaidizi wa jikoni na mpagazi wanaweza kuwa wametoka vilima vya chini au Kathmandu, na mapafu yao ni kama yako. Wanaugua, na hawasemi, kwa sababu anayerudishwa njiani huhofia kukatwa malipo. Waulize kila jioni kuhusu kichwa, hamu ya kula na usingizi, kiongozi akiwa amekwenda pembeni, na kabla hamjatoka Juphal mkubaliane na wakala kwa maandishi kwamba anayeumwa atashuka na mtu wa kumsindikiza na atalipwa siku zake zote.